Shahada ya Uandishi wa Habari: Namna Familia Inavyopaswa Kupiga Hesabu Kabla ya Kulipa Ada

Barua ya udahili ikifika nyumbani, macho ya wote hukimbilia mstari mmoja: ada kwa mwaka. Baba anazidisha mara tatu au nne, mama anakumbuka kuna mdogo mtu anayekuja nyuma, na mwenye barua ananyamaza akisoma nyuso za wazazi wake. Kwa kozi nyingi hesabu hiyo ya haraka haikosei sana. Anayesomea udaktari atatumia fedha nyingi ndani ya geti la chuo, kwa sababu maabara, walimu na hospitali ya kufundishia viko humo. Uandishi wa habari uko tofauti. Darasani ni kozi ya bei nafuu kuifundisha. Kinachotoboa mfuko kiko nje ya geti: vifaa, miezi ya kufanya kazi chumba cha habari bila malipo, na ule mwaka baada ya mahafali ambao mhitimu anaandika sana na kulipwa kidogo.

Kabla ya hatua ya kwanza, chukua daftari ufungue kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika kila kitakacholipwa kwa chuo. Kulia andika kila kitakacholipwa kwa mtu mwingine yeyote, pamoja na mapato ambayo mwanafunzi atayakosa. Mwanafunzi mwenyewe akae mezani tangu mwanzo. Familia zinazomficha mtoto hesabu kwa kumwonea huruma huishia kumshangaza mwaka wa tatu, wakati hawezi tena kubadili kitu.

Hatua ya kwanza: je, kazi hiyo inadai shahada hiyo?

Swali hili watu wengi hulikwepa kwa sababu linasikika kama dharau kwa ndoto ya mtoto. Liulizeni tu, maana jibu hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Nchini Brazil, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2009 kwamba mtu halazimiki kuwa na shahada ya uandishi wa habari ili afanye kazi hiyo. Italia ina sheria ya mwaka 1963 inayomtaka mwandishi wa kitaaluma apitie miezi 18 ya mafunzo kazini kisha afanye mtihani wa taifa, na shule zinazotambuliwa zinaweza kuhesabiwa badala ya mafunzo hayo. Ujerumani njia iliyozoeleka ni kusoma fani yoyote chuoni, halafu kuingia kwenye chombo cha habari kama mwanagenzi kwa muda unaofika miaka miwili, na mwanagenzi huyo hulipwa. Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, inayowaidhinisha waandishi kufanya kazi hiyo, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi huko aanze kwa kusoma masharti ya ithibati yanayotumika sasa, asitegemee alivyosikia kwa jirani.

Baada ya sheria, angalia soko. Kusanya matangazo kumi ya kazi za uripota au uhariri mdogo katika nchi ambayo mtoto anakusudia kufanya kazi. Hesabu ni mangapi yanataka shahada ya uandishi wa habari hasa, mangapi yanataka shahada yoyote, na mangapi yanataka kuona kazi zilizochapishwa. Zoezi hili huchukua jioni moja na halina malipo. Mara nyingi utakuta kundi la tatu ni kubwa kuliko ulivyotarajia.

Wako waliofika mbali bila shahada hii. Bob Woodward wa gazeti la Washington Post, Marekani, alisoma historia na fasihi ya Kiingereza Yale. Carl Bernstein, mwenzake katika kuripoti sakata la Watergate lililomng'oa Rais Nixon, hakumaliza chuo kikuu cha Maryland. Peter Jennings, aliyesoma taarifa ya habari ya televisheni ya ABC ya Marekani kwa miaka mingi, hakumaliza hata sekondari. Ryszard Kapuściński wa Poland alisoma historia. Upande wa pili, Christiane Amanpour, aliyepata umaarufu kwenye televisheni ya CNN, alisomea uandishi wa habari katika chuo kikuu cha Rhode Island, akahitimu mwaka 1983. Nisingependa mzazi awatumie hao wa kwanza kama fimbo ya kumpigia mtoto. Bernstein aliingia gazetini akiwa kijana wa kutumwa karatasi, na mlango wa namna hiyo vyombo vingi vimekwisha kuufunga. Mtoto asiyekuwa na mjomba kwenye chumba cha habari anahitaji mahali pa kukutana na wahariri, na chuo kizuri kinampa hapo.

Maoni yangu: kama chuo kina gazeti au redio ya wanafunzi iliyo hai, mara nyingi ni nafuu zaidi kusoma uchumi, sheria, takwimu au afya huku ukiandika kwenye gazeti hilo, kisha kumalizia na kozi fupi ya ufundi. Uingereza, kwa mfano, stashahada inayosimamiwa na NCTJ, baraza la mafunzo ya waandishi wa habari lililoanzishwa mwaka 1951, inaweza kusomwa kwa miezi michache na mtu mwenye shahada ya fani nyingine. Ripota anayeweza kusoma mizania ya kampuni haombi kazi, anaombwa. Lakini kama soko lenu linadai shahada yenyewe, endeleeni na hatua zinazofuata bila kinyongo.

Hatua ya pili: tafuta ada halisi, si ile ya kwenye brosha

Vyuo vina bei mbili. Ya kwanza ndiyo inayotangazwa. Ya pili ni ile ambayo familia hulipa baada ya kuondoa ruzuku, punguzo na ufadhili. Marekani tofauti ya bei hizi ilikuwa kubwa na ya kuchanganya kiasi kwamba tangu Oktoba 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi kuweka kikokotoo kwenye tovuti zao, ili familia ione makadirio ya bei ya pili. Mahali pasipo na kikokotoo, kikokotoo ni barua yako kwa mhasibu wa chuo.

Andika, usipige simu tu. Ahadi ya simu haina tarehe wala sahihi. Omba mchanganuo wa miaka yote, si mwaka wa kwanza pekee, kwa sababu makato ya studio, usimamizi wa fildi (mafunzo kwa vitendo kwenye chombo cha habari), mradi wa mwisho na joho hupenda kujificha mwaka wa tatu na wa nne. Uliza ada imepandaje kwa miaka mitano iliyopita, na kama mwanafunzi aliyeanza na bei moja hubaki nayo hadi amalize. Jibu la swali hilo la mwisho lina uzito. Tuseme ada ni 100 kwa mwaka na inapanda asilimia 7 kila mwaka. Mwaka wa pili ni 107, wa tatu 114.5, wa nne 122.5. Jumla si 400 bali 444. Yaani karibu nusu ya ada ya mwaka mzima imetokea bila mtu kuitaja mezani.

Kuhusu ufadhili, kuna maswali mawili ambayo familia husahau kwa furaha ya kupata. Je, ni wa mwaka mmoja au unaendelea? Na mwanafunzi akishuka chini ya wastani gani ataupoteza? Kozi za uandishi wa habari zina mtego wake hapa. Mwanafunzi anayefanya kazi kwa bidii kwenye gazeti la chuo mara nyingi ndiye anayeshuka kwenye masomo ya nadharia, kwa sababu habari haisubiri mtihani uishe. Ufadhili wenye masharti makali ya wastani unaweza kumlazimisha aache kile hasa alichoendea chuoni. Kati ya ufadhili mdogo usio na sharti na mkubwa kidogo wenye sharti kali, ningechukua ule mdogo.

Hatua ya tatu: gharama za kuishi

Hapa nitapita haraka, maana malazi, chakula, nauli na bima ya afya ni vilevile kwa mwanafunzi wa kozi yoyote. Wanaodhani ada ikiwa bure basi kusoma ni bure waitazame Ujerumani. Vyuo vikuu vya umma huko kwa kawaida havitozi ada ya shahada ya kwanza, isipokuwa mahali pachache kama jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu mwaka 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Hata hivyo mwanafunzi wa kigeni hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu mwaka mzima, na njia ya kawaida ni kuziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, anayoruhusiwa kuchota kidogo kila mwezi. Ada ni sifuri, na bado familia nyingi hukwama hapo.

Jambo moja tu la kipekee kwa fani hii: mji. Vyumba vya habari vikubwa viko kwenye miji ya gharama. Chuo cha mji mdogo kitaokoa kodi ya nyumba kwa miaka yote, ila kitadai nauli na chumba cha kupanga kila wakati wa fildi. Fanyeni hesabu zote mbili. Mara kwa mara mji mdogo hushinda, hasa ukiwa na redio au gazeti lake, kwa sababu huko mwanafunzi wa mwaka wa pili hutumwa kuripoti kikao cha halmashauri. Mji mkubwa angepewa kunukuu mahojiano ya wengine.

Hatua ya nne: vifaa, na kwa nini kamera inunuliwe mwisho

Familia nyingi huanza na kamera. Inaeleweka: kamera inaonekana, inapigwa picha siku ya kuondoka nyumbani, inawapa wazazi hakika kwamba mtoto amekuwa mwandishi. Halafu inakaa kabatini mwaka mzima, kwa kuwa mwaka wa kwanza ni historia ya vyombo vya habari, lugha, sheria na uandishi wa habari rahisi. Inapofika zamu yake, imekwisha kushuka thamani na toleo jipya limetoka.

Mpangilio ninaoushauri ni huu. Mwaka wa kwanza nunueni kompyuta mpakato tu, yenye kumbukumbu ya kutosha kuhariri video fupi, na diski ya nje. Ikiwa fedha ni chache, afadhali iliyotumika yenye betri mpya kuliko mpya dhaifu. Simu aliyonayo, ikiwa inarekodi vizuri, itambeba mbali kuliko mnavyodhani. Mwaka wa pili ongezeni maikrofoni ya kubana kwenye nguo, vipokea sauti vya kufunika masikio na stendi ndogo ya simu. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Sauti mbovu haivumilii hata dakika moja. Ndiyo maana fedha za kwanza ziende kwenye sauti. Kamera ingojee mpaka mwanafunzi achague njia, maana anayeelekea redio au uhariri wa maandishi huenda asiihitaji kabisa.

Kabla ya kununua chochote, mtembelee mtunza vifaa wa chuo. Si mkuu wa idara, mtunza vifaa. Yeye ndiye anayejua kamera ni ngapi, zinazofanya kazi ni ngapi, wanafunzi wangapi wanazigombea, na kama stoo hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Stoo inayofungwa mwishoni mwa wiki, wakati habari nyingi ndipo zinapotokea, ni sawa na kutokuwa na stoo. Uliza pia nani analipa kifaa kikiharibika. Vyuo vingine vinamwachia mwanafunzi gharama yote, na kamera moja iliyodondoka inaweza kula fedha ya muhula.

Programu za kuhariri ni shimo dogo linalovuja kila mwezi. Za kulipia huuzwa kwa mwezi au kwa mwaka, na punguzo la wanafunzi huwa na mwisho wake, kwa hiyo angalieni bei baada ya punguzo kwisha. Ziko za bure zinazotosha: Audacity kwa sauti, Kdenlive au Shotcut kwa video, toleo la bure la DaVinci Resolve kwa kazi nzito zaidi, LibreOffice kwa maandishi na majedwali. Chuo kikilazimisha programu fulani, uliza kama maabara ya kompyuta inayo na iko wazi mpaka saa ngapi usiku. Bando la intaneti nalo lihesabiwe kama kifaa; kupakia video kunakula bando kuliko kuitazama.

Kila kitu cha hatua hii kinakwenda ukurasa wa kulia. Ongeza hapo fungu la ukarabati na wizi. Mwandishi wa habari hutembea na vifaa vyake kwenye umati.

Hatua ya tano: fildi, ambako hesabu nyingi hufia

Mafunzo kwa vitendo ndiyo moyo wa shahada hii, na ndiyo yanayoumiza familia zaidi. Mwanafunzi anakwenda chumba cha habari kwa wiki nane, kumi na mbili au zaidi. Anaamka alfajiri, anafuatilia habari, jina lake linatoka gazetini. Mshahara hakuna. Wakati huohuo kuna nauli ya kila siku, chakula cha nje, pengine chumba cha kupanga katika mji mwingine, na kile kibarua cha likizo alichokuwa akifanya kimekwenda. Vyuo vingine huhesabu fildi kama somo lenye alama, kwa hiyo hutoza ada ya somo hilo. Hapo mwanafunzi analipia ruhusa ya kufanya kazi bure. Nimelisoma jambo hili kwenye mchanganuo wa ada mara nyingi, na bado kila mara hunichoma.

Suala hili limefika mahakamani. Marekani, waliokuwa wanafunzi wa fildi katika majarida ya W na The New Yorker waliishtaki kampuni ya Condé Nast mwaka 2013 wakidai malipo ya kazi waliyofanya. Mwaka huohuo kampuni ikatangaza kufuta kabisa mpango wake wa fildi, na mwaka uliofuata ikakubali kuwalipa ili kumaliza kesi. Funzo kwa familia lina pande mbili. Sheria inaweza kumlinda mwanafunzi, lakini nafasi nayo inaweza kutoweka. Kwa hiyo asitegemee kesi, ajadiliane mapema.

Wiki sita kabla ya fildi, mwanafunzi aandike kwa vyombo angalau vitano, na kwenye kila barua aulize mambo haya kwa adabu na bila kuzunguka: kuna posho au nauli? Nani atamsimamia? Kazi zitatoka kwa jina lake? Kama hakuna posho, je, anaweza kuja siku tatu kwa wiki ili siku nyingine afanye kibarua? Wahariri wengi hukubali hili la mwisho, kwa sababu hata madawati hayatoshi. Chombo kisichoweza kusema nani atamsimamia mwanafunzi kiachwe, hata kama jina lake ni kubwa. Kukaa wiki kumi kwenye jengo maarufu ukileta chai kunagharimu nauli ileile na hakuzai kazi ya kuonyesha.

Kuna aina ya chuo inayopunguza maumivu haya, nayo ni ile yenye chumba cha habari cha kweli ndani yake. Mfano wa zamani ni shule ya uandishi wa habari ya chuo kikuu cha Missouri. Ilifungua milango Septemba 1908, na siku hiyohiyo ya kwanza ya masomo wanafunzi wakatoa gazeti kwa ajili ya wakazi wa mji. Tangu mwaka 1953 chuo hicho kina pia kituo cha televisheni kinachorusha matangazo ya kibiashara, na wanafunzi hufanya kazi humo. Mwanafunzi wa mahali pa namna hiyo anafanya fildi muhula baada ya muhula bila kuhama chumba. Mnapolinganisha vyuo, msiulize tu kama kuna studio. Ombeni kuona habari kumi za mwisho zilizotoka, na mtazame tarehe. Gazeti la wanafunzi ambalo toleo lake la mwisho ni la mwaka juzi ni mapambo.

Sasa fanyeni hesabu ambayo sijaona chuo kikiiweka kwenye brosha. Chukua jumla ya kurasa zote mbili, gawanya kwa idadi ya kazi ambazo mwanafunzi wa kawaida wa chuo hicho huhitimu akiwa amechapisha au kurusha. Chuo A kinagharimu 600 na wahitimu wake hutoka na kazi 10 za kuonyesha: kila kazi ni 60. Chuo B ni 700, lakini wana kazi 50: kila moja ni 14. Ni kipimo cha kibabe, hakipimi ubora, na mhadhiri wa nadharia atakikasirikia. Mhariri anayeajiri, hata hivyo, hatafungua cheti kwanza.

Hatua ya sita: mkopo, na jina litakaloandikwa juu yake

Swali la kwanza la mkopo ni nani atafuatwa mambo yakienda mrama. Riba inakuja nyuma ya hilo. Ipo mikopo inayofuata kipato cha mhitimu. Australia ilianza mfumo huo mwaka 1989. England, waliojiunga na chuo kuanzia Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango fulani cha kipato, na deni linalobaki hufutwa baada ya miaka 40. Mkopo wa aina hiyo unavumilika kwa mwandishi chipukizi, kwa sababu mwezi asiopata kitu hadaiwi kitu.

Aina nyingine ni mkopo unaochukuliwa na mzazi mwenyewe. Mkopo wa serikali kuu ya Marekani kwa wazazi uko hivyo: deni ni la mzazi, na halihamishiki kwa mtoto hata akiajiriwa vizuri. Kwa miaka mingi mzazi aliruhusiwa kukopa hadi gharama yote iliyobaki baada ya misaada mingine. Sheria ya mwaka 2025 imeweka kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mwanafunzi, kwa mikopo mipya kuanzia Julai 2026. Popote mlipo, mzazi anayekaribia kustaafu asisaini mkopo ambao marejesho yake yatamkuta akiwa kwenye pensheni. Wala nyumba mnayoishi isiwekwe dhamana kwa shahada ya fani ambayo mshahara wake wa kuanzia ni mdogo. Naweza kusikia wanaoniita mwoga.

Tazameni namna riba inavyofanya kazi. Mwanafunzi anakopa 100 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka minne, riba ni asilimia 8 na inaanza kuhesabiwa siku ya kwanza. Siku ya mahafali hadaiwi 400. Anadaiwa karibu 487. Akilipa kwa miaka kumi, kila mwezi ni kama 5.9, na mwisho wa yote atakuwa ametoa takriban 709. Mkiweza kulipa riba tu wakati bado anasoma, 400 inabaki 400. Hata kama ni fedha kidogo, ndiyo fedha yenye kazi kubwa kuliko zote mtakazotoa.

Kanuni ninayoitumia ni ya zamani na wengi huifahamu: jumla ya deni isizidi mshahara wa mwaka wa kwanza kazini. Tatizo ni kuujua mshahara huo. Usimuulize mtangazaji maarufu, wala usisome makadirio ya chuo. Tafuta wahitimu watano wa chuo hicho waliomaliza mwaka juzi, waulize wanapata nini kwa mwezi na wangapi kati ya wenzao bado wako kwenye habari. Wengi watakuwa wamehamia uhusiano wa umma, mawasiliano ya mashirika au matangazo, ambako ujuzi uleule hulipwa vizuri zaidi. Hilo si kushindwa, na liwekwe mezani mapema kama njia halali, ili kijana asije akajiona amesaliti ukoo akilipa deni kwa kuandika taarifa za kampuni.

Hatua ya saba: mwaka baada ya mahafali

Huu ndio mstari unaokosekana kwenye madaftari mengi. Mhitimu wa uandishi wa habari mara nyingi huanza kama mwandishi wa kujitegemea. Analipwa kwa habari iliyotoka, si iliyoandikwa. Habari ikitupwa, amekula hasara ya nauli. Ikitoka, malipo yanangoja mwisho wa mwezi, pengine miezi miwili. Wakati huo marejesho ya mkopo yameanza kugonga mlango.

Wekeni akiba ya gharama za kuishi za miezi sita, itengwe tangu mwaka wa kwanza kwa kiasi kidogo kila muhula, na isiguswe kwa joho wala sherehe. Familia ambayo haiwezi kutenga akiba hiyo juu ya ada ina ishara kwamba chuo kilichochaguliwa ni ghali mno kwao, hata kama ada yenyewe wanaimudu. Nimeona vijana wenye kipaji wakiacha uandishi mwezi wa nne baada ya mahafali, wakati familia ilikwisha kulipa kila senti ya chuo. Walikosa nauli.

Shahada ya uzamili mara tu baada ya ile ya kwanza huonekana kama kimbilio la mwaka huu mgumu. Kwa aliyesoma fani nyingine inaweza kuwa na maana: ile ya Columbia, New York, shule iliyofunguliwa mwaka 1912 kwa fedha za wasia wa Joseph Pulitzer, huchukua miezi kumi tu. Kwa aliyekwisha kusoma uandishi wa habari miaka minne, ni kulipia mara ya pili kitu kilekile. Afanye kazi kwanza.

Hatua ya nane: kikao na karatasi

Mkishamaliza, kaeni pamoja mwandike ukurasa mmoja. Nani analipa ada, nani analipa chumba, mwanafunzi mwenyewe atachangia nini kutokana na vibarua vyake. Akirudia mwaka, nani anabeba? Mdogo wake akifaulu kwenda chuo mwaka wa tatu wa huyu, mgao utabadilikaje? Wekeni pia kituo cha kupimia mwishoni mwa mwaka wa kwanza: kama hajachapisha hata kazi moja na hana hamu ya kuchapisha, ni wakati wa kuzungumza kuhusu kuhama kozi, kwa kuwa masomo ya mwaka wa kwanza mara nyingi huhamishika na ya mwaka wa tatu hayahamishiki.

Karatasi hiyo ibanwe pamoja na kanuni za chuo za kurejesha ada. Kwa kawaida anayejitoa wiki za mwanzo za muhula hurudishiwa sehemu, na kila wiki inayopita hupunguza sehemu hiyo mpaka inafika sifuri. Zungushieni tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu, na mjue ni barua ya aina gani inatakiwa na inapokelewa dirisha gani, maana kusema kwa mdomo kwamba umeacha chuo hakusimamishi ankara.